Skripti ya kuwasha mashine inagoma kuweka nenosiri refu

FundiUsiku:
Wakuu, nisaidieni. Nina mashine pepe za Windows Server huko Google Cloud, na skripti ya PowerShell inayofungua akaunti ya usimamizi mashine inapowaka. Nenosiri la herufi 12 lilikuwa linakubali vizuri tu. Jana nikaona aibu, nikalirefusha:

`net user msimamizi "Kiboko7AmelalaMtoni$leo" /add`

(Silo lenyewe, msihangaike kulijaribu.) Mashine inawaka, skripti inafika mwisho, akaunti haipo!

Zuhura_K:
Soma logi ya konsoli, utakuta swali. Nenosiri likizidi herufi 14, `net user` inauliza Y au N, eti kompyuta za kabla ya Windows 2000 zitashindwa kuitumia akaunti hiyo. Miaka yote hii bado inazihurumia. Na mashine ikiwa inawaka nani atajibu? Ongeza `/y` mwishoni.

FundiUsiku:
Swali nimelikuta kweli. Nimeongeza `/y`, akaunti imefunguliwa. Ila sasa nenosiri linakataliwa. Nimeliandika kwa mkono, nimelinakili, wapi.

Zuhura_K:
Jaribu bila `$leo`.

FundiUsiku:
Duh. Imeingia.

Zuhura_K:
Ndiyo hivyo. Ndani ya alama za kunukuu mbilimbili, PowerShell inadhani `$leo` ni jina la kigeu, yaani kisanduku cha kuwekea thamani. Hukukipa thamani, kwa hiyo panabaki patupu. Tumia alama mojamoja, `'hivi'`, na dola itabaki dola.

MzeeWaSeva:
Hayo sawa, ila mimi kinachoninyima usingizi ni kingine. Skripti hiyo inakaa kwenye metadata ya mashine, yaani taarifa na mipangilio ambayo Google Cloud inaitunzia kila mashine. Programu yoyote iliyomo ndani inaweza kuisoma kupitia anwani ya ndani ya 169.254.169.254, haihitaji ruhusa ya msimamizi. Na kwa kuwa umeiweka chini ya ufunguo wa metadata uitwao `windows-startup-script-ps1`, inaendeshwa kila mashine inapowaka, kwa hiyo huwezi kusema ilipita mara moja ikaisha. Ungefuta mstari huo kabisa, ukatumia `gcloud compute reset-windows-password`. Inafungua akaunti kama haipo na kukupa nenosiri jipya, wala huandiki popote kwenye skripti.

FundiUsiku:
Mzee, nilidhani unanitisha. Nimeingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida kabisa, nikaisoma anwani hiyo kwa amri ya PowerShell ya `Invoke-RestMethod`, pamoja na kichwa cha ombi cha `Metadata-Flavor: Google`. Kiboko huyo hapo, amelala na `$leo` yake. Naufuta mstari sasa hivi, kwenye mashine zote.