EJ22G ya Sharjah, nozikati ya Spec C au bloku ya Legacy: ipi naweza kuthibitisha kwamba ni halisi?

Boksa_Nyali (Mombasa)

Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Impreza GC8 ya 1997. Bodi nzima haina kutu, lakini injini imegonga mpaka konrodi ikatoboa bloku. Gari naipenda, kwa hiyo nataka irudi barabarani na injini ya maana. Mezani nina tatu.

Ya kwanza iko Sharjah. Muuzaji anasema ni EJ22G yenyewe, injini ya 22B, ile Impreza adimu ya STI (kitengo cha michezo cha Subaru). Imekaa peke yake sakafuni: haina gari, haina kompyuta, haina karatasi zaidi ya risiti ya yadi. Ametuma picha za manifodi nyekundu, namba iliyogongwa inayoanza na EJ22, na tabo ya IHI. Kwa bei anayotaja ningenunua magari mawili ya kawaida nikabaki na chenji.

Ya pili ni nozikati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa) ya GDB, Impreza STI iliyofuata GC8. Anadai ni Spec C, toleo lake jepesi, injini EJ207, na vyote vimo: tabo, waya, kompyuta, giaboksi ya gia sita. Bei ni theluthi ya ile ya kwanza.

Ya tatu, binamu yangu aliyeko Marekani ameona bloku ya EJ22T ya Subaru Legacy ya tabo. Naambiwa nikiivalisha hedi za DOHC (kemshafti mbili kila hedi) za EJ20 ya tabo, napata kitu kinachokaribia 22B.

Moyo uko kwa ile ya kwanza, siwafichi. Nitajuaje kama ni yenyewe?

MzeeWaBoksa (Nairobi)

Manifodi nyekundu itoe kwenye hesabu. Hiyo rangi ya mikunjo inauzwa kwenye kopo, na huku Nairobi nimeiona juu ya Forester isiyo na hata tabo. Tabo nayo hufunguliwa kwa boliti chache ikahamia kokote.

Kumbuka kwanza unatafuta nini. 22B ilitoka Machi 1998. Zilitengenezwa 400 za Japani, 16 za Uingereza, 5 za Australia na 3 za majaribio. Jumla 424, dunia nzima. Mtu akikwambia moja ya hizo 424 imelala kwenye vumbi la yadi, swali la kwanza ni gari lake liko wapi.

Sasa twende kwa vipimo. Kila kipimo kitakwambia injini hii SI nini. Hakuna hata kimoja kitakachokwambia peke yake kwamba NI EJ22G.

Mwendo wa pistoni. Toa plagi, ingiza waya mnyoofu mpaka uguse kichwa cha pistoni, zungusha krenki kwa mkono, weka alama pistoni ikiwa karibu kabisa na ikiwa mbali kabisa. EJ22G ni milimita 75. EJ25 ni 79. Tofauti ya milimita 4 unaiona kwa rula ya mwanafunzi, na hapo umeshamwondoa tapeli wa EJ25. Lakini EJ20 nayo ni 75, kwa hiyo bado.

Kipenyo cha silinda. EJ20 ni 92, EJ22G ni 96.9. Hiki huwezi kukipima kwa tundu la plagi; hedi lazima ishuke. Ukipata 96.9 usishangilie, maana EJ22E, ile 2.2 isiyo na tabo iliyokuwa kwenye Legacy za kawaida, ina 96.9 kwa 75 hiyohiyo. Injini za cc 2212 zote ni moja mpaka uangalie bloku.

Mdomo wa bloku. Hedi ikishuka, tazama njia za maji zinazozunguka silinda. Kwenye EJ22E ni mtaro ulio wazi, silinda zimesimama kama vikombe ndani ya beseni. Kwenye EJ22G mdomo umezibwa, kumebaki vitundu tu vya kupitisha maji. Hapo 2.2 isiyo na tabo nayo imetoka.

Na baada ya kutoka wote hao, anabaki mmoja mbishi: EJ22T. Bloku iliyozibwa, 96.9 kwa 75, cc 2212. Iliuzwa Amerika Kaskazini ndani ya Legacy ya tabo kuanzia 1991 hadi 1994. Yaani hiyo chaguo lako la tatu ndiyo inayoweza kugeuzwa kuwa chaguo lako la kwanza, ikiuzwa na mtu asiye mwaminifu.

nati10 (Dar es Salaam)

Hapo kwenye mwisho mzee kamaliza kazi. EJ22T ilitoka kiwandani na hedi za SOHC (kemshafti moja kila hedi). Ukizitoa ukaweka za DOHC za EJ20G au EJ20K, zile 2.0 za tabo, kwa nje haina tofauti unayoweza kuiona kwenye picha. Hata pistoni za kufuliwa si ushahidi, mtu yeyote anayejenga injini ya tabo huzinunua.

Ila mimi nauliza, kuna ubaya gani kuijenga hiyo wewe mwenyewe, ukijua ni nini? Chuma ni kilekile, ukubwa ni uleule. Unalipia kazi badala ya kulipia jina.

MzeeWaBoksa (Nairobi)

Ubaya ni umri, nati10. Bloku ya mwisho ya EJ22T ina zaidi ya miaka 30. Imeshawahi kuchemka mara ngapi? Imeshachongwa silinda? Binamu hajui, na aliyemuuzia hajui. Ikifika Mombasa ikawa imepinda, huirudishi.

nati10 (Dar es Salaam)

Ndiyo maana kuna duka la kuchonga lenye kipimo cha silinda hukohuko Marekani. Ipimwe kabla haijapanda meli. Bloku tupu inapimika kuliko injini nzima iliyofungwa, na hilo hujalijibu.

Bahari_Mbili (Sharjah)

Assalam alaykum. Mimi niko hapa Sharjah, nazijua hizo yadi. Injini zinashuka kutoka kontena za Japani zikiwa zimerundikwa, na anayeandika jina kwa chaki ni kijana wa kupanga, si fundi. Akiona EJ22 na tabo, na kuna mtu jana aliulizia 22B, basi imeshakuwa 22B.

Dhamana ya yadi nyingi ni kwamba injini itawaka. Asili yake hawadhamini, na ukisoma risiti utaona haijaandikwa popote.

Ukitaka, muombe mambo mawili. Kwanza video moja isiyokatwa, inayoanza kwenye namba, izunguke injini nzima, irudi kwenye namba. Picha nne zinaweza kuwa za injini nne, shekhe wangu. Pili, akubali hedi moja ishuke mbele ya mtu wako, gasketi ulipe wewe. Anayejua ana kitu halisi cha bei hiyo hatakataa gharama isiyo yake.

GC8_Leicester (Uingereza)

Kuhusu namba. Kwenye EJ imegongwa juu ya bloku, karibu na pale injini inapokutana na giaboksi. Omba picha ya karibu, taa ikimulika kwa ubavu. Alumini iliyosagwa inang'aa tofauti na iliyo jirani yake, na kingo za pale palipogongwa huwa zimelegea. Herufi za kiwandani zina kina kinacholingana. Za mkono moja huzama, nyingine huelea, moja imeegemea kushoto. Rangi mbichi juu ya namba ni sababu tosha ya kuondoka. Na ikiwa namba ni safi kabisa, haijaguswa, bado umeambiwa tu kwamba hii ni bloku ya EJ22. Haijasema ya gari gani.

Kinachounganisha injini na 22B ni gari: namba ya chesisi, kibati chenye namba ya toleo ndani ya gari za Japani, na karatasi zinazotaja namba hiyo ya injini. Huku wenye 22B wanajuana, wanafuatilia chesisi moja moja. Ile ya majaribio iliyokuwa ya dereva wa rali Colin McRae ilipigwa mnada 2023 kwa zaidi ya paundi 480,000. Kwa bei za namna hiyo, mwenye gari iliyopata ajali hauzi injini bila kuuza pia kipande cha bodi chenye namba na nyaraka zake, kwa sababu bila hivyo anatupa pesa.

Kwa hiyo swali la Mzee nalirudia: gari lake liko wapi?

Boksa_Nyali (Mombasa)

Nimemuuliza. Anasema "gari lilikatwa zamani". Chesisi hana.

MzeeWaBoksa (Nairobi)

Basi ndugu yangu, hata kama ni EJ22G kweli kweli, imetoka tumboni mwa 22B, huwezi kuithibitisha. Na siku ukitaka kuiuza, mnunuzi atakuuliza maswali haya haya na wewe utajibu kama huyo. Lipa bei ya 2.2 ya tabo yenye asili isiyojulikana, au uache.

Twinskroli (Kampala)

Mmeisahau ya pili, na ndiyo ninayoijua mimi.

Kwanza tofautisha EJ207 na EJ205 ya WRX ya kawaida. EJ207 za GDB zina bloku iliyozibwa nusu, EJ205 iko wazi. Hapa nako hedi ndiyo inaficha jibu, lakini una bahati ya nozikati: kuna kibati cha alumini kwenye chumba cha injini chenye namba ya chesisi, kodi ya modeli, aina ya injini, aina ya giaboksi na rangi. Chesisi ikiwa na GDB ni STI, ikiwa GDA ni WRX. Kodi ndefu ya modeli ndiyo inayotenganisha Spec C na STI nyingine. Unaiingiza kwenye katalogi ya spea za Japani na majibu yanatoka.

Sharti lake: namba ya chesisi yenyewe imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabati. Wakikata mbele ya ukuta huo, umebaki na kibati peke yake, na kibati kinashikwa kwa riveti mbili tu. Omba iliyokatwa nyuma ya ukuta, namba mbili zilingane, na rangi ya bodi ilingane na kodi ya rangi.

Tabo: Spec C ya kuanzia mwishoni mwa 2002 ina VF36, yenye beringi za gololi. STI nyingine za kipindi hicho zina VF37. Soma kibati kidogo kwenye nyumba ya kompresa. Na hapa nitasema lisilopendwa: ukiondoa tabo, injini ya Spec C na ya STI ya kawaida hazipishani sana. Utamu mwingine wa Spec C uko kwenye bodi nyepesi, ambayo wewe huinunui. Kwa hiyo kama ni GDB halali lakini tabo ni VF37, usivunje dili. Punguza bei.

nati10 (Dar es Salaam)

Twinskroli, mwambie pia kuhusu difu kabla hajafurahi.

Twinskroli (Kampala)

Nilikuwa naelekea huko. Giaboksi ya gia sita inakuja kwenye nozikati, difu ya nyuma haiji, imebaki kwenye nusu nyingine ya gari. Ya GC8 yako ni R160, ya STI ni R180, na uwiano wa meno lazima ukubaliane na giaboksi. Usipokubaliana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana na difu ya kati inaungua. Unahitaji difu, eksoli za nyuma na propela ya urefu unaofaa. Kama unabakiza giaboksi yako ya gia tano, umeliepuka hilo.

Jambo jingine, bomba za ekzosi za twinskroli (tabo yenye njia mbili za ekzosi) hupita njia yake chini ya injini, kwa hiyo sampu ya mafuta na krosimemba vije pamoja nayo. Halafu kompyuta ya Japani imepangwa kwa petroli ya oktani 100. Usiibonyeze kwa nguvu na petroli yetu kabla fundi hajaipanga upya.

Bahari_Mbili (Sharjah)

Na mafuta ya injini pia, bwana. Kizibo cha kutolea mafuta kilegezwe kidogo, mafuta yapakwe kwenye karatasi nyeupe. Ukiona vumbi linalometameta, beringi za krenki zinakwenda. Hilo ni kwa injini zote tatu, iwe ya sultani au ya teksi.

GC8_Leicester (Uingereza)

Usisahau logibuku. Namba ya injini imo, na ukibadilisha, NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) wanatakiwa kurekodi mpya. Ukiwapelekea bloku yenye namba iliyosagwa, swali litakuwa la polisi, halitakuwa la Subaru tena.

Boksa_Nyali (Mombasa)

Nashukuru sana wazee wangu. Mrejesho:

Wa Sharjah amekataa hedi kushushwa, hata kwa gasketi yangu. Video ametuma, lakini imekatwa pale pale inapofika nyuma ya injini. Nimempa ofa ya bei ya 2.2 ya tabo, kama Mzee alivyosema. Amenijibu kwa sauti ndefu ya matusi ya Kihindi ambayo sikuielewa yote.

Wa nozikati amepiga picha ya ukuta na ya kibati. Namba zinalingana, GDB, rangi inakubaliana. Kodi ya modeli haikutoa Spec C, imetoa STI ya kawaida, na tabo imesoma VF37. Nilipomwonyesha ameshusha bei bila kelele. Namlipa wiki hii.

Ya binamu nimemwambia aache kwanza.

nati10 (Dar es Salaam)

Mpe namba yangu binamu. Hiyo bloku naichukua mimi, kama itapimwa kabla ya kupanda meli.

MzeeWaBoksa (Nairobi)

Unaenda na gia sita au tano?

Boksa_Nyali (Mombasa)

Sita. Mwenye R180 ya uwiano unaofaa, na eksoli zake, yuko Mombasa au Nairobi, aje faragha.