Mrejesho: Kubadilisha ndege Frankfurt kuelekea Berlin

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo dakika 75 zingetosha kubadilisha ndege Frankfurt, baada ya shirika kuifuta safari yangu ya moja kwa moja kutoka New York hadi Berlin. Nawashukuru kwa dhati mlionihimiza niombe muda zaidi. Nilipewa saa tatu, nami nikazihitaji karibu zote. Kwa kuwa Frankfurt ndipo nilipoingilia eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti kwenye mipaka kati yao), pasipoti ilikaguliwa huko, si Berlin, na foleni ya asubuhi, wakati ndege nyingi za kutoka Marekani zinapotua kwa kufuatana, ilikuwa ndefu mno. Begi kubwa lilipitiliza hadi Berlin, nikapita nalo forodha huko. Mama atakapokuja, nitamkatia treni ya kwenda Berlin kutoka stesheni iliyoungana na Jengo la 1 la abiria (Terminal 1) la uwanja wa ndege wa Frankfurt.