Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zikitolewa upya: wafuate kanda au santuri?

Mpenda Zilipendwa, Ilala
Ndugu wanajamvi, nasubiri kwa hamu siku ambayo nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa, tangu alipokuwa bendi ya Morogoro Jazz hadi Super Volcano aliyoiunda mwaka 1973, zitatolewa upya katika kasha moja lenye kijitabu cha maelezo. Ninazo santuri kadhaa za mfululizo wa Ukumbusho, uliotoka Nairobi baada ya ajali iliyomuua Januari 1979, lakini baadhi zimekwaruzika hata sindano inaruka. Je, watayarishaji waanzie kwenye kanda za Redio Tanzania au kwenye santuri?

Fundi Redio, Kariakoo
Kanda za studio zitangulie, santuri ziwe akiba. Wimbo mrefu ulipowekwa kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza unafifia gitaa likiwa ndiyo kwanza limekolea, unainuka kugeuza sahani, na upande wa pili unaanzia katikati ya muziki. Atakayenakili kutoka humo atalazimika kuunga, na sikio lililozoea litakisikia kiungo hicho. Hata hivyo, joto na unyevu wa pwani hubambua unga wa sumaku unaobeba sauti kwenye kanda, hivyo zichezwe mara chache iwezekanavyo, kwa mashine iliyopimwa kasi. Kasi ikizidi kidogo tu, Mbaraka anageuka mtoto.

Bibi wa Magomeni
Asemayo fundi ni kweli, ila msidhani kanda na santuri ni kitu kimoja. Bendi nyingi za enzi hizo zilirekodi wimbo redioni hapa Dar es Salaam, kisha zikaurudia Nairobi, kwa kuwa sisi hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Mimi ningetaka yote mawili yawemo, kila wimbo na mwaka wake na majina ya wapigaji, maana wanaokumbuka nani alipiga besi wapi wanazidi kupungua. Kijitabu hicho ndicho nitakachokilipia.

Mpenda Zilipendwa, Ilala
Shikamoo, bibi. Hilo la kurudia wimbo sikulifikiria kabisa. Nilidhani masikio yangu ndiyo yanayonidanganya. Fundi, hizi zangu zenye mikwaruzo nizioshe?

Fundi Redio, Kariakoo
Vumbi litatoka, mkwaruzo hautatoka. Tumia maji baridi na tone la sabuni, yasiwe ya kisima cha chumvi, na karatasi ya katikati isilowe.