Spika mpya "bado mbichi": nisubiri masaa 100 au nimeshapigwa?

Mwana_Magomeni:
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini. AMCOS (ushirika wetu wa wakulima) ilipotulipa hela ya korosho nilichukua spika mbili za inchi 15 na amplifaya, nianze kukodisha mziki kwenye harusi na unyago. Nimefunga nyumbani, sauti kali ipo, besi hakuna kabisa. Kimziki chepesi kama cha simu. Nikampigia muuzaji, akasema spika bado mbichi, nizipige taratibu masaa 100 zilainike, kama pikipiki mpya. Risiti inasema mwisho wa kurudisha siku 7, na leo ni ya nne. Jumamosi ijayo nina harusi Mikindani na advansi nimeshakula. Naombeni ushauri.

Ghafi_Daraja_la_Kwanza:
Zipake chumvi na ndimu, zitaiva haraka 😂

Mnewala:
Piga hesabu mkuu. Masaa matatu kila jioni, 100 yatimie lini? Zaidi ya mwezi. Hapo hata ukigundua ni mbovu, unamrudishia nani?

Bi_Shangani:
Kaka usikate tamaa. Zangu zilikuwa hivyohivyo, baada ya wiki mbili besi ikaja yenyewe.

Fundi_Chuno:
Dada, katika hizo wiki mbili hukuzihamisha?

Bi_Shangani:
Nilizisogeza kona, zilikuwa zinaziba mlango. Kwani inahusu?

Fundi_Chuno:
Inahusu sana. Spika ikikaa kona, kuta mbili na sakafu zinairudisha besi, inanenepa papo hapo.

Mleta uzi, muuzaji hajadanganya yote. Ule mpira wa pembeni ya koni (ile sahani ya mbele inayotetemeka) na kile kitambaa cha mikunjo kilichoshika koili nyuma huwa vigumu kidogo vikitoka kiwandani. Vikichezeshwa vinalegea, na ukipima utaona tofauti ya hezi (mitetemo kwa sekunde) chache. Ila sehemu kubwa ya kulegea huko huisha mapema, dakika za mwanzo za mziki wa nguvu, ikizidi sana masaa machache. Tena spika ikiwa ndani ya boksi, hewa iliyofungiwa humo nayo inaisukuma koni, kwa hiyo tofauti masikioni inazidi kuwa ndogo. Hakuna spika inayotoka "besi hakuna" hadi "besi ipo" kwa kulainika.

Kinachobadilika zaidi ni sikio. Ukishuka feri kwenye samaki, harufu inakupiga, baada ya robo saa huisikii. Samaki ni walewale.

Sasa jibu hili: ukisimama katikati ya spika zote mbili besi inapotea, ukisogelea moja inarudi?

Mwana_Magomeni:
Fundi, ndivyo ilivyo! Umejuaje?

Fundi_Chuno:
Waya wa moja umegeuzwa. Chanya imekwenda kwenye hasi. Koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi zinauana hewani. Zima amplifaya, geuza waya za spika MOJA tu, upande mmoja tu, wa amplifaya au wa boksi. Ukigeuza kote kote umerudi palepale. Ukitaka uhakika, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chanya ya boksi na hasi kwenye hasi, mara moja uachie. Koni iruke nje. Fanya na ya pili. Ikiingia ndani, waya wa ndani ya boksi umefungwa kinyume, na hiyo unairudisha dukani kesho.

Mnewala:
Fundi, mimi kuna jamaa aliniuzia waya akasema nao ulainike masaa 200.

Fundi_Chuno:
Waya una nini cha kulainika? Shaba imelala tu humo ndani. Amplifaya vilevile, ukiacha zile za kizamani za taa (vali) zinazotaka dakika kadhaa zipate moto. Angalia unene wa waya na viungo visiwe na kutu, huku pwani chumvi haina huruma.

Mwana_Magomeni:
Wakuu nimerudi. Betri imerusha koni nje kwenye spika zote mbili. Kosa lilikuwa langu, waya wote ni mweupe wenye kamstari kembamba, na nilifunga usiku umeme umekatika. Nimegeuza upande mmoja, mama mkwe katoka jikoni kuuliza kama ni radi.

Nimempigia muuzaji kumwambia besi imekuja. Akacheka: "Si nilikwambia zitalainika?"