Mpera wa stroberi unatoa majani ya manjano: je, niupande ardhini au niubakize kwenye chungu?

Mlezi wa Miche

Ndugu wanajukwaa,

Nina mche wa mpera usio wa kawaida, ule unaojulikana kama mpera wa stroberi, ambao jina lake la kitaalamu ni *Psidium cattleyanum* na ambao huzaa matunda madogo mekundu yanayoelekea zambarau yakiiva. Niliuotesha kwa mbegu na kuulea katika chungu kikubwa, na hadi msimu uliopita ulikuwa na afya njema, majani yake mazito yaking'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Sasa majani machanga yanatoka yakiwa ya manjano, ilhali mishipa yake inabaki ya kijani. Yale ya zamani yaliyo chini hayajabadilika. Nimeongeza samadi iliyooza vizuri bila kuona tofauti. Maji ninayotumia ni ya kisima, na yakikauka huacha utando mweupe kwenye ukingo wa chungu.

Nakusudia kuuhamishia ardhini, kando ya ukuta wa saruji unaopata jua tangu asubuhi hadi alasiri. Kabla sijachimba shimo, naomba kujua chanzo cha umanjano huo, na kama mpera mmoja unaweza kuzaa peke yake au nitafute wa pili. Aidha, nimesoma maelezo yanayokinzana kuhusu mti huu: wengine wanausifu kuwa pambo la bustani, wengine wanauhesabu miongoni mwa magugu mabaya kabisa. Ukweli ni upi?

Udongo na Mizizi

Dalili ulizozieleza zinatosha kutoa jibu la swali la kwanza. Mche unapopungukiwa na naitrojeni, majani ya zamani ndiyo hutangulia kugeuka manjano, tena jani zima, kwa sababu mti huyanyang'anya yale ya chini ili ulishe machipukizi. Kwako mambo ni kinyume: majani machanga ndiyo yaliyogeuka, na mishipa imebaki ya kijani, jambo linaloashiria upungufu wa madini ya chuma, ambayo hayahamishiki kwa urahisi kutoka jani la zamani kwenda jani jipya. Mara nyingi chuma chenyewe kimo udongoni, ila mizizi inashindwa kukifyonza kwa kuwa tindikali ya udongo imepungua mno. Utando mweupe unaouona kwenye chungu ni chokaa iliyomo katika maji ya kisima, na kila unapomwagilia unaongeza nyingine kidogo. Ndiyo maana samadi haikusaidia. Ina faida nyingi, lakini si dawa ya kila umanjano.

Anza na maji kabla ya mbolea. Kinga maji ya mvua na uyatumie kwa chungu hicho kila yanapopatikana, kisha pima pH ya udongo, yaani kipimo cha tindikali ambacho namba yake hupanda tindikali inapopungua, kwa maana mpera huu hustawi zaidi penye tindikali kidogo na huanza kupata shida ya chuma pale pH inapopita 7. Kwa nafuu ya haraka unaweza kutumia mbolea ya chuma ya kileti, yaani chuma kilichofungwa kwa namna ambayo chokaa haikigandishi upesi. Soma lebo kwa makini: aina ya EDTA hupoteza nguvu pH inapozidi takriban 6.5, ilhali EDDHA huendelea kufanya kazi hata penye chokaa nyingi. Usipime mafanikio kwa majani yaliyokwisha kugeuka, kwani baadhi yake hayatarudi katika rangi yake; tazama yale yatakayochipua baada ya tiba. Hakikisha pia kwamba tundu la chini ya chungu halijaziba, maana mizizi inayokaa ndani ya maji hushindwa kufyonza chuma na kuonyesha dalili zilezile.

Kuhusu ukuta, sikushauri upande karibu nao. Udongo wa kando ya msingi huwa umechanganyika na vifusi vya saruji na chokaa, na utakuwa umehamisha tatizo la chungu kulipeleka ardhini, ambako kulirekebisha ni kazi kubwa zaidi. Sogea mita mbili au tatu.

Mvunaji wa Asubuhi

Nitajibu la pili. Mpera huu hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mti mmoja unatosha, ingawa nyuki wakiwepo matunda hushika vizuri zaidi. Maua yake ni meupe, yenye stameni (nyuzi za chavua) nyingi nyembamba, nayo hutokea kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linapoungana na tawi, ya matawi machanga. Kwa sababu hiyo, upogoe kidogo mara tu baada ya mavuno, kwani ukikata ncha wakati machipukizi yameanza kurefuka, utakuwa umeyakata na maua yake. Mche uliotokana na mbegu huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na miche ya mbegu hufanana na mama yake kwa kiasi kikubwa, ijapokuwa ukubwa na utamu wa matunda hutofautiana kidogo. Kubebesha, yaani kuunganisha chipukizi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, ni kugumu kwa kuwa gome lake ni jembamba mno. Anayetaka nakala halisi ya mti fulani ni afadhali atie mizizi tawi likiwa bado mtini, au atumie vipandikizi vya ncha laini.

Kipindi cha matunda kujaa ndicho kinachohitaji uangalifu. Udongo ukikauka kabisa kisha ukaloweshwa ghafla, matunda machanga hupukutika. Tandaza matandazo mazito, lakini yasiguse shina. Tunda lililoiva hulegea, na likizungushwa kidogo hutoka mkononi bila kuvutwa. Ngozi yake ni nyembamba na hukwaruzika upesi, nalo halidumu zaidi ya siku chache, kwa hiyo ni tunda la kuvuna kila siku. Ndani utakuta nyama laini yenye majimaji, utamu uliochanganyika na ukali kidogo, bila ile harufu nzito ya pera la kawaida, na mbegu nyingi ngumu ambazo si kila mtu huzivumilia.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda. Kufunga kila tunda kwa mfuko, kama wafanyavyo wenye mapera makubwa, hakuwezekani kwa matunda ya sentimita tatu au nne yanayohesabika kwa mamia. Funika mti mzima kwa wavu wenye matundu madogo baada ya maua kushika, na uokote yote yanayoanguka kabla mabuu hayajatoka kuingia ardhini.

Mtazama Misitu

Hilo la kuokota lina uzito kuliko linavyoonekana, na linahusu swali la tatu. Sifa mbaya ya mti huu ni ya kweli. Asili yake ni pwani ya mashariki ya Brazili, na ulipopelekwa visiwani uliacha nyuma wadudu waliokuwa wakiuzuia. Ulifikishwa Hawaii mwaka 1825, na huko, kama ilivyo katika visiwa vya Morisi na Reunion, umefunga vichaka vizito ndani ya misitu ya asili kiasi kwamba miche ya miti mingine haipati mwanga. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, limeuweka katika orodha yake ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ndege na nguruwe mwitu hula matunda na kusambaza mbegu; mti wenyewe ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi. Hawaii imelazimika kuachilia mdudu gamba kutoka Brazili, *Tectococcus ovatus*, ambaye hauui mti bali huufanya majani yake yaote vinundu na kuupunguzia nguvu ya kukua na kuzaa.

Kwa hiyo swali la kutangulia ni mahali ulipo. Penye mvua nyingi, joto na msitu wa asili karibu, mimi singeupanda ardhini, na kwingine sheria yenyewe inakataza. Penye ukame mrefu au baridi kali hatari hupungua.

Mlezi wa Miche

Nawashukuru sana. Nimeelewa kuhusu chuma, na ukuta nimeuacha. Je, ule wenye matunda ya manjano una hatari ndogo zaidi? Msitu hauko mbali na hapa.

Mtazama Misitu

Hapana. Wa manjano nao umevamia misitu ya Hawaii, na hukua mrefu zaidi. Tofauti yake kwa mkulima ni kwamba hauvumilii baridi kama mwekundu, ambao ukishakomaa huvumilia hadi karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Ikiwa msitu uko karibu, ubakize kwenye chungu cha lita 40 au zaidi, ubadilishe udongo wa juu kila mwaka na kupunguza mizizi inayozunguka ukutani mwa chungu. Wavu uliotajwa hapo juu utawazuia ndege pia. Matunda yaliyooza na makapi yenye mbegu usiyatupe kwenye lundo la mboji. Yachemshe kwanza, au yafunge ndani ya mfuko mweusi na kuuacha juani hadi mbegu zife.