Bolti za nguzo: ndani ya dale inayovutwa kwa kebo, au kwenye semeli?

mwana_katuba
Jambo bandugu. Niko Lubumbashi, nasimamia kazi ya chuma kwenye hangari moja upande wa barabara ya Kasumbalesa. Dale, yaani sakafu ya betoni, ni mita 48 kwa 30, unene sentimita 18, bila kiungo hata kimoja, kwa sababu mwenye mali hataki magari ya kunyanyulia mizigo yarukeruke juu ya viungo. Ndani mna kebo za milimita 12.7 zitakazovutwa kwa jeki betoni ikishashika. Nguzo ni za chuma, HEA 240, platini (bamba la chuma la mguuni) milimita 400 kwa 400, bolti nne za M24, yaani za kipenyo cha milimita 24.

Mchoro wa betoni unazamisha bolti ndani ya dale yenyewe. Mchoro wa chuma unaziweka kwenye semeli, yaani msingi wa betoni wa kila nguzo, chini. Ofisi mbili, na mimi nimesimama katikati na gabari ya mbao (kiolezo cha kupangia bolti) mkononi. Kwa dale ya kawaida ningezamisha tu. Ila jana sikulala: dale ikivutwa, bolti zitabaki pale nilipoziweka?

papa_wa_ruashi
Mdogo wangu, hazitabaki. Ulikuwa na haki ya kukosa usingizi.

Dale hiyo inafupika. Jeki inaikaza, kisha betoni inaendelea kunywea miezi na miezi. Kwa hesabu ya mkono chukua nusu milimita kwa kila mita. Katikati hapasogei, lakini ncha iko mita 24 kutoka hapo, basi ni milimita 12. Tundu la platini la M24 mara nyingi ni 30, yaani una milimita 3 tu kila upande. Nguzo za katikati zitakaa, za mwisho zitakataa. Na kama umeshazisimamisha, zitavutwa miguu huku vichwa vimeshikwa na paa.

Kubaya zaidi ni dale kuzuiwa isisogee. Niliwahi kuitwa kutazama sakafu ya bohari moja, walikuwa wamemwaga kichwa cha semeli na dale pamoja. Nilipiga magoti na tochi. Ufa ulianza kwenye kona ya nguzo, ukaenda mshazari mpaka nguzo ya pili. Wembe uliingia bila kusukuma. Kila kebo ilivutwa kwa karibu tani 15, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilikwenda kupigana na semeli badala ya kukaza betoni. Iliniuma, maana vijana walifanya kazi safi kwa mchoro mbaya.

Semeli ndiyo ibebe nguzo. Platini ikae chini kabisa ya dale, na mota isiyonywea chini yake. Funika mguu wa chuma kwa betoni usiliwe na kutu, lakini betoni hiyo ikome chini ya tumbo la dale. Pale nguzo inapopita kwenye dale, izungushie frigoliti (povu jepesi la plastiki) ya milimita 25 mpaka juu. Betoni isiguse chuma popote. Tundu hilo la dale, mimi napenda liwe la duara. Likiwa la mraba, weka vyuma viwili vya mshazari kila kona. Kebo zianze kukwepa tundu kutoka mbali, kwa mkunjo mpole.

injenia_himbi
Salamu kutoka Goma. Papa amesema kweli, naongeza jambo la msukumo. Miguu ya hangari inasukuma nje, na kwenye dale ya kawaida tumezoea kukunja chuma kuzunguka bolti na kukizamisha kwenye dale. Hapa usifanye hivyo, utakuwa umeifunga tena kwa semeli. Muulize injenia wako kama ameweka longrini (boriti za betoni za chini) kutoka semeli hadi semeli, chini ya dale.

Na dale lazima iteleze. Huku tunajenga juu ya mawe ya volkano, yanang'ata kama meno, kwa hiyo tunamwaga kwanza betoni nyembamba, tunaisawazisha, kisha plastiki mapande mawili. Udongo wenu mwekundu ukishindiliwa ni mpole zaidi, ila longrini isitokeze hata kidogo.

mwana_katuba
Aksanti sana papa, aksanti injenia. Sasa paa kwanza au dale kwanza? Mvua ya Novemba haiko mbali.

papa_wa_ruashi
Paa. Nguzo zikiwa kwenye semeli hazina sababu ya kungoja dale, nayo utaimwaga kivulini, jua lisikaushe uso. Lakini kuta za tofali za pembeni ziache: jeki inataka karibu mita moja nje ya ukingo. Na hakikisha hakuna kichwa cha kebo kinachotazama nguzo.

mwana_katuba
Nimetoka kupima. Mstari wa mashariki, kebo mbili zinatazama nguzo moja kwa moja. Nimewapigia ofisi ya betoni, wamekubali kuzisogeza na kusahihisha mchoro. Gabari inashuka kwenye semeli kesho asubuhi. Frigoliti tu: madukani naona ya 20 na ya 30.

papa_wa_ruashi
Chukua ya 30.