Naomba ushauri: michoro yangu ya watu hukauka nikiichukulia muda

Wachoraji wenzangu, salamu kutoka Mombasa. Huu ni mwezi wa tano nikijizoeza kuchora umbo la binadamu nusu saa kila siku, na sasa nimekwama. Jioni huketi karibu na kivuko cha Likoni nikichora wanaongoja feri, kila mmoja kwa sekunde 30 hadi dakika 2, na michoro hiyo huwa na uhai, ingawa wengi wamevaa buibui au kanzu na magoti nayakisia tu. Taabu huanza nyumbani. Juzi nilimchora hamali aliyesimama kando ya mkokoteni, uzito wote mguu wa kulia, nyonga ya upande huo imepanda na bega lake limeshuka. Nilipouchora upya kwa dakika 20, nikipima mwili kwa urefu wa kichwa, vipimo vilikaa sawa lakini yule hamali akawa mlingoti. Nimejaribu kunakili picha za simu, bila nafuu.

Je, nusu saa hiyo niigawe vipi kati ya michoro ya haraka na ile ya muda mrefu? Na nianze kujifunza mifupa na misuli sasa, au ningoje mkono uzoee kwanza?